Voisey's Bay: nikeli ilitua pale mkondo wa magma ulipopanuka

Mwanzoni mwa mwaka 1995, huko Voisey's Bay, pwani ya Labrador nchini Kanada, mtambo wa kuchoronga uliwekwa juu ya uwanda wa majimaji usioonyesha mwamba wowote. Shimo lililochorongwa hapo, VB-95-07, lilikata mita 104 za salfaidi tupu (madini ya metali na salfa, karibu bila mwamba mwingine ndani yake) zenye nikeli karibu asilimia 3.9 na shaba karibu asilimia 2.8.  Kore, yaani nguzo ya jiwe inayotolewa shimoni, ilijaza kisanduku baada ya kisanduku, ya rangi ya shaba iliyofifia, nzito mkononi kuliko jiwe lolote la eneo lile.

Kilichokatwa kilikuja kuitwa Ovoid: mwili wa mbale (mawe yenye metali ya kuchimbwa) wenye umbo la bakuli, unaoanzia karibu kabisa na uso wa ardhi, chini ya tope na kokoto zilizoachwa na barafu. Hesabu zilizofuata ziliupa karibu tani milioni 32 kwa wastani wa asilimia 2.83 ya nikeli, 1.68 ya shaba na 0.12 ya kobalti.

Kabla ya kuendelea, ifanywe hesabu moja ndogo, kwa sababu ndiyo inayofungua kisa hiki. Tani milioni 32 kwa asilimia 2.83 ni karibu tani 900,000 za nikeli. Tuseme magma (mwamba ulioyeyuka) iliyoleta nikeli hiyo ilikuwa na gramu 150 katika kila tani, na kwamba nusu tu ndiyo iliyonaswa. Ingehitajika magma tani bilioni 12, yaani kilomita za ujazo kama nne na nusu. Ovoid lenyewe, kwa uzito wa tani 4.4 kwa kila mita ya ujazo, linajaza kilomita za ujazo 0.007 tu. Magma iliyolilisha bakuli ilikuwa kubwa kuliko bakuli mara 600 hivi. Haikukaa hapo. Ilipita, ikaacha mzigo wake.

Mashapo mengi (malimbikizo ya metali ardhini) ya nikeli na shaba ya aina hii hayaeleweki mpaka jambo hilo likubalike. Mtafiti anayetafuta mwili mkubwa wa mwamba wa magma anatafuta mahali ambapo magma ilipumzika. Metali iko njiani.

Kilima chenye kutu

Ugunduzi wenyewe ulikuwa wa mwaka 1993. Albert Chislett na Chris Verbiski walikuwa wakikusanya sampuli kwa mkataba wa kampuni ya Diamond Fields, iliyokuwa ikitafuta almasi. Waliona kilima ambacho mwamba wake ulikuwa umeshika kutu ya rangi ya kahawia na njano. Kutu ya namna hiyo hutokea salfaidi inapokutana na hewa na maji: salfa inageuka tindikali, chuma kinabaki kama kutu, na nikeli nyingi inachukuliwa na maji. Ndiyo maana sampuli ya juu juu ya mwamba wenye kutu inaweza kutoa nikeli kidogo hata kama chini kuna utajiri. Jiwe linapaswa kupasuliwa hadi kufikia sehemu ambayo haijaoza, na hapo ndipo kalkopiriti ya njano, salfaidi yenye shaba, inapoonekana.

Uchorongaji wa mwishoni mwa 1994 ulianzia kwenye kilima hicho, Discovery Hill, na ulikuta daiki (magma iliyoganda ndani ya ufa) yenye salfaidi. Vipimo vya umeme-sumaku, vinavyotafuta miamba inayopitisha umeme, ndivyo vilivyoelekeza mtambo kwenye uwanda wa mashariki, ambako macho yasingeona kitu. Mwaka 1996 kampuni ya nikeli ya Inco ikanunua mradi kwa dola za Kanada bilioni 4.3. Uchimbaji wa wazi katika Ovoid ulianza kutoa makinikia mwaka 2005, na mwaka uliofuata Inco ikanunuliwa na kampuni ya Brazili ambayo leo inaitwa Vale.

Mshono wa mabara mawili

Mahali hapa, kilomita 35 hivi kusini magharibi mwa mji wa Nain, ni mshono. Upande wa mashariki ni jimbo la kijiolojia la Nain, naisi (miamba iliyogeuzwa na joto na mgandamizo) za Enzi ya Arkea zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Upande wa magharibi ni jimbo la Churchill. Vipande hivi viwili vya gamba la dunia viligongana yapata miaka bilioni 1.85 iliyopita, na katika mgongano huo yakabanwa matope ya bahari ya kale, yakazikwa, yakapikwa, yakawa naisi ya Tasiuyak. Kwa kuwa asili yake ni matope, naisi hii ina madini ya garneti na silimaniti kwa wingi, na pia ina vitu viwili vya kukumbukwa: salfaidi na grafiti (kaboni). Salfaidi yake ilichangia kutengeneza mbale. Grafiti yake imewapotezea watafutaji mashimo.

Miaka milioni 500 na zaidi baada ya mgongano, mabara yakiwa yameshatulia, magma ilipanda kupitia mshono uleule. Umri wa mwamba uliobeba mbale umepimwa kuwa miaka milioni 1,333. Mwamba wenyewe ni troktoliti: madini ya plagioklasi na olivini kwa sehemu kubwa, piroksini kidogo, rangi ya kijivu kizito. Ni sehemu ya kundi kubwa la miamba ya magma la Nain, ambalo limejaa anothositi na graniti, na karibu lote halina nikeli ya kuchimbwa.

Mpangilio wa mfumo ni huu. Magharibi, kina kirefu, kuna chumba cha kwanza cha magma. Kutoka hapo inatoka daiki, mfereji uliosimama kama ukuta mwembamba, unaoelekea mashariki na kupanda. Mashariki kuna chumba cha pili, kikubwa, Eastern Deeps. Mbale zimejipanga kando ya njia hiyo: Reid Brook magharibi, kisha Discovery Hill, Mini-Ovoid, Ovoid, na mwishowe Eastern Deeps, pale mfereji unapoingia chumbani. Kwa pamoja zilihesabiwa kuwa karibu tani milioni 137 za wastani wa asilimia 1.59 ya nikeli na 0.85 ya shaba.

Kuhusu Ovoid wataalamu wamegawanyika. Wapo wanaoliona kama uvimbe wa daiki, mahali ambapo kuta mbili ziliachana. Wapo wanaoliona kama sakafu ya chumba cha mashariki, iliyobaki baada ya paa na kuta kumomonyoka. Tofauti hii ni muhimu kwa historia ya mwamba, lakini kwa anayechoronga inabadilisha kidogo sana: katika maelezo yote mawili mbale iko pale ambapo njia nyembamba ilifunguka.

Magma hufika ikiwa na njaa ya salfa

Hapa ndipo watu wengi hukosea, hata walio na mafunzo. Hudhaniwa kwamba magma yenye nikeli ikipoa itatoa salfaidi yenyewe. Magma ya aina ya basalti inaweza kuyeyusha gramu 1,000 hadi 1,500 za salfa kwa kila tani. Uwezo huo haubaki sawa: unaongezeka shinikizo linapopungua. Kwa hiyo hata kama magma ilikuwa imeshiba salfa ilipotoka kwenye vazi la dunia (tabaka lililo chini ya gamba), ikifika karibu na uso inakuwa haijashiba tena. Kupoa kunapunguza uwezo huo na hatimaye salfaidi itajitenga, lakini kwa unyunyu: chini ya asilimia moja ya mwamba, ikichelewa, wakati olivini imeshakula sehemu nzuri ya nikeli. Unyunyu huo haujengi mgodi.

Kinachohitajika ni tukio la ghafla. Njia moja ni kuongeza salfa kutoka nje. Nyingine ni kuongeza silika (oksidi ya silikoni), ambayo inapunguza uwezo wa magma kushika salfa. Naisi ya Tasiuyak ina vyote viwili, na mfereji ulipita ndani yake.

Ushahidi wa jambo hilo unashikika kwa mkono. Katika breksia (mwamba wa vipande vilivyoshikamana) iliyo chini ya mbale na ndani ya mfereji kuna vipande vya naisi, vingine vidogo kama ukucha, vingine vikubwa kuliko kore yenyewe. Vikichunguzwa kwa darubini havifanani na naisi ya kawaida. Garneti na silimaniti zimekwisha, kwatsi imekwisha. Kilichobaki ni plagioklasi, hersiniti ya rangi ya kijani kizito, na korundamu. Maana yake ni rahisi: sehemu iliyoyeyuka kwa urahisi, yenye silika, potasiamu na maji, iliingia kwenye magma, na salfa ikaenda pamoja nayo. Kilichosalia ni makapi yenye aluminiamu nyingi. Tena, sehemu ya vipande hivi imekutwa mahali ambapo ukuta wa jirani si Tasiuyak bali naisi nyingine ya asili ya magma. Vilibebwa. Kipande cha namna hiyo ni kama jani linaloelea mtoni: kinakuambia maji yalitoka wapi.

Isotopu za salfa (atomi za salfa zenye uzito tofauti) zinaunga mkono, ingawa kwa sauti ya chini. Salfa ya vazi la dunia iko karibu na sifuri kwenye kipimo cha delta 34, kinacholinganisha salfa nzito na nyepesi. Magharibi, Reid Brook, ambako Tasiuyak ndiyo ukuta, thamani zinasogea upande wa hasi. Kuelekea mashariki zinarudi karibu na sifuri. Asiyejua angesema mashariki hakukuwa na mchango wa naisi. Si lazima iwe hivyo. Salfaidi ikioshwa na magma nyingi mpya hubadilishana salfa na magma hiyo, na alama ya kwanza hufifia. Kuosha huko ndiko pia kunakoongeza nikeli, kwa hiyo mbale bora inaweza kuwa ndiyo yenye alama hafifu zaidi ya chanzo cha salfa yake. Isotopu zinazofanana na za vazi la dunia hazitoshi kuufuta mradi.

Kuoshwa na magma mpya

Matone ya salfaidi yakishajitenga, nikeli, shaba na kobalti hukimbilia humo. Nikeli hupendelea salfaidi mamia ya mara kuliko magma. Lakini tone linaweza kuchukua tu kilichomo kwenye magma iliyoligusa. Uwiano wa magma kwa salfaidi, ambao wanajiolojia huuita R, ndio unaoamua utajiri.

Mfano wa namba: magma yenye gramu 150 za nikeli kwa tani, na upendeleo wa mara 500. Kanuni ni kuzidisha 500 kwa 150, kisha kwa R jumlisha 1, na kugawa kwa R jumlisha 500. R ikiwa 50, salfaidi inapata nikeli asilimia 0.7. R ikiwa 200, inapata 2.15. R ikiwa 600, inapata 4.1. Salfa ileile, magma ileile. Kilichobadilika ni kiasi kilichopita. Chumba kilichofungwa, chenye salfa nyingi kutoka kwenye naisi na magma kidogo, hutengeneza salfaidi nyingi isiyo na thamani, pirotiti (salfaidi ya chuma) peke yake. Duniani kuna miamba mingi ya namna hiyo, na mingi imechorongwa kwa gharama kubwa kwa sababu salfaidi yake ilionekana nzuri kwa macho.

Voisey's Bay ilikwepa hatima hiyo kwa mpigo wa pili wa magma. Olivini ndiyo shahidi. Olivini iliyokua baada ya salfaidi kujitenga huwa na nikeli pungufu kuliko inavyostahili kwa kiasi chake cha magnesiamu. Katika sehemu za mwanzo za mfumo, chumba cha chini, olivini ina upungufu huo: magma ile ilinyang'anywa nikeli yake mapema. Katika miamba iliyoandamana na mbale upande wa mashariki, olivini imerudi kuwa na nikeli ya kutosha. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba magma ya kwanza ilimeza naisi na kutoa salfaidi, kisha magma mpya, ambayo haikuwa imepoteza nikeli, ikasukuma salfaidi na vipande vya naisi juu kupitia mfereji huku ikizitajirisha.

Halafu ikaja fizikia ya kawaida. Salfaidi iliyoyeyuka ina uzito wa kama gramu 4 kwa sentimita ya ujazo, magma 2.7 hivi. Kupanda kwenye mfereji mwembamba kunawezekana kwa sababu kasi ni kubwa. Mfereji ukipanuka, kiasi kilekile cha magma kinapita kwenye nafasi pana, kasi inaanguka, na kizito kinatua. Mto hufanya hivyohivyo na kokoto zake unapoingia bondeni.

Salfaidi inapopoa

Salfaidi tupu ya Ovoid haikuganda mara moja. Kwenye nyuzi joto 1,100 hadi 1,000 za Selsiasi huanza kuganda fuwele yenye chuma na salfa, ikibeba nikeli ndani yake. Shaba hubaki kwenye kimiminika, ambacho kinaweza kupenya kwenye nyufa na kuganda baadaye. Ndiyo maana mishipa yenye shaba nyingi hukutwa pembeni au chini ya mwili mkuu, na ndiyo maana wastani wa shaba ukipanda ghafla kwenye kore fupi haupaswi kuenezwa kwenye mwili wote.

Fuwele ya kwanza ikiendelea kupoa, chini ya nyuzi 650 hivi, inashindwa kuishikilia nikeli. Nikeli inatoka na kuunda pentlanditi, yenye takriban asilimia 35 ya nikeli, kwanza kwenye mipaka ya punje. Ovoid lilipoa polepole, kwa hiyo pentlanditi ilipata muda wa kukua kama pete nene zinazozunguka punje kubwa za pirotiti. Pete hizo huonekana bila kioo cha kukuzia. Kwenye kinu cha kusaga hili ni neema: pentlanditi nene huachana na pirotiti bila kusagwa kuwa unga laini sana. Nikeli iliyotoka mwishoni kabisa, kwenye joto la chini, imebaki kama miali myembamba ndani ya pirotiti, na nyingine imebaki ndani ya fuwele ya pirotiti yenyewe, kwa sehemu chini ya asilimia moja. Hiyo huenda na visusu (mabaki ya kinu yanayotupwa). Mtu anayehesabu mapato kwa kiwango cha maabara bila kuiondoa atakosea, na kosa lake litakuwa kubwa zaidi kwenye mbale yenye pirotiti nyingi.

Shaba iko kwenye kalkopiriti, asilimia 34.6 ya shaba, na kwenye kubaniti, asilimia 23.4. Kubaniti inachanganya jicho. Rangi yake iko kati ya pirotiti na kalkopiriti. Anayekadiria shaba kwa kuangalia njano peke yake anaweza kukosea kwa theluthi.

Kuna jambo jingine kuhusu pirotiti ya hapa. Sehemu kubwa ya pirotiti ya Ovoid ni ya aina ya heksagonali na troiliti, zisizovutwa na sumaku. Kalamu ya sumaku ikipitishwa juu ya kore inaweza kubaki kimya mbele ya mbale bora kabisa, au ikavutwa na magnetiti iliyochanganyika humo. Sumaku haitumiki kama kipimo cha salfaidi.

Kusoma kore ya mfumo kama huu

Kitu cha kwanza kuandika si kiwango cha metali bali muundo wa mwamba. Katika Eastern Deeps, shimo zuri linashuka kwa mpangilio huu: troktoliti ya kawaida, punje sawasawa, isiyo na salfaidi, mara nyingi kwa mamia ya mita. Chini yake troktoliti ambayo punje zake zinabadilika ukubwa kila baada ya sentimita chache, yenye vipande vya naisi na mabaka ya salfaidi. Kisha breksia ya sakafu, vipande vingi vya naisi. Kisha salfaidi tupu. Kisha naisi ya ukuta, pengine na mishipa ya salfaidi iliyopenya. Kwenye mfereji na karibu na Ovoid kuna pia mwamba unaoitwa wa chui: madoa meusi ya piroksini juu ya mandhari ya salfaidi yenye rangi ya dhahabu iliyofifia. Ukiuona, salfaidi ilikuwa imeungana kama mtandao kati ya punje, na mwili mzito hauko mbali.

Sampuli zikatwe kufuata mipaka ya mwamba, si kila mita kwa upofu. Urefu wa mita moja hadi moja na nusu unafaa ndani ya mwamba wa aina moja. Mpaka wa salfaidi tupu ukatwe hapohapo hata kama sampuli inabaki sentimita 30. Maabara iombwe nikeli, shaba, kobalti na salfa. Salfa ndiyo inayosahaulika, na bila hiyo hakuna uchambuzi.

Salfa inatumika hivi. Zidisha salfa kwa 2.527, shaba kwa 0.3408, nikeli kwa 0.4715, jumlisha. Matokeo ni asilimia ya salfaidi ndani ya jiwe. Gawa nikeli kwa namba hiyo, zidisha kwa 100, na unapata kiwango cha nikeli ndani ya salfaidi tupu. Jiwe lenye salfa asilimia 9, nikeli 1.0 na shaba 0.5 lina salfaidi asilimia 23.4, na salfaidi hiyo ina nikeli asilimia 4.3. Jiwe jingine lenye nikeli hiyohiyo 1.0 na shaba 0.5 lakini salfa 30 lina salfaidi asilimia 76 yenye nikeli 1.3. Kwenye ripoti yote mawili yameandikwa asilimia moja. La kwanza linasema: karibu hapa kunaweza kuwa na salfaidi tupu ya zaidi ya asilimia 4. La pili linasema kwamba hata ukipata salfaidi tupu itakuwa duni.

Kanuni hiyo inadanganya pale salfaidi ilipo kidogo sana. Olivini ina nikeli yake yenyewe, na jiwe lenye salfa chini ya asilimia moja hivi hutoa kiwango kilichovimba. Mahali hapo maabara iombwe njia ya kuyeyusha salfaidi peke yake bila kugusa silikati (madini ya mwamba kama olivini).

Uzito pia hupimwa, kila sampuli, kwa kupima kore hewani na majini. Salfaidi tupu ni tani 4.5 kwa mita ya ujazo, troktoliti kama tani 3. Mita moja ya nikeli asilimia 3.5 na mita moja ya asilimia 0.4, kwa wastani wa urefu, ni 1.95. Kwa wastani wa uzito ni 2.26. Katika mashapo ya aina hii uzito na kiwango hupanda pamoja, kwa hiyo kutumia uzito mmoja kwa mwili wote hupunguza metali kwenye mbale nzito na kuiongeza kwenye nyepesi. Kore yenyewe isikae: pirotiti huoza haraka kwenye unyevu, na sampuli za majaribio ya kinu zigandishwe au zifungwe bila hewa, la sivyo pentlanditi iliyopata kutu haitaelea kwenye povu linalotenganisha madini kinuni.

Jiofizikia na mitego yake

Salfaidi tupu hupitisha umeme vizuri mno, na hiyo ndiyo iliyoliibua Ovoid. Mtego wa kwanza ni grafiti ya Tasiuyak, ambayo hupitisha umeme pia. Mstari mrefu wa upitishaji unaofuata mwelekeo wa tabaka za naisi kwa kilomita kadhaa kwa kawaida ni grafiti. Mwili mfupi unaokatisha tabaka, au unaokaa kwenye mpaka wa troktoliti, unastahili shimo. Kipimo cha mvutano wa ardhi hutenganisha vizuri, kwa kuwa grafiti ni nyepesi na salfaidi ni nzito.

Mtego wa pili ni wa kinyume, na ni mbaya zaidi. Ishara ya mwili unaopitisha umeme kupita kiasi hufifia polepole mno. Mtambo unaosikiliza kwa muda mfupi baada ya kila mpigo wa umeme huona karibu kimya na kuandika hakuna kitu. Masafa yawe ya chini na muda wa kusikiliza uwe mrefu. Na salfaidi iliyotawanyika kama punje zisizogusana haipitishi umeme hata kidogo, hivyo eneo lisilo na ishara halimaanishi eneo lisilo na nikeli.

Kila shimo la kina lipimwe umeme-sumaku ndani yake, kitanzi cha waya kikiwa juu ya ardhi na kipokezi kikishushwa. Shimo lililokosa mbale kwa mita 80 bado litaihisi, na umbo la mkunjo wa vipimo litaonyesha upande. Kwenye miili iliyofichika mamia ya mita, kama ile ya Eastern Deeps, kipimo hiki huokoa mashimo mengi.

Shimo la Eastern Deeps likipita troktoliti ya kawaida na kuingia moja kwa moja kwenye naisi, bila troktoliti ya mabaka na bila breksia, kosa haliko kwenye kina. Shimo limeangukia sakafu ya chumba mbali na mlango wa mfereji. Kulirefusha ni kupoteza mita. Mtambo unahamishwa kufuata mstari ambapo daiki inakutana na ukuta wa kaskazini wa chumba, na shimo linaelekezwa likate mstari huo kwa pembe pana, kwa sababu ukanda wa mbale unashuka pamoja na mlango, na shimo linaloteleza sambamba nao litatoa urefu wa kuvutia na unene wa uongo.